Jumanne za Kuangalia Fizi

Vijana wangu mliobaki kazini mmeniomba niandike kabla sijasahau. Mlisema, "Andika chochote, Tabibu," na mtu akiambiwa aandike chochote hupata taabu ya kuanza. Basi nitaviacha vyeo, ambavyo havikuwa vingi, na barua za kupandishwa daraja, ambazo nyingine bado ziko njiani. Nitaandika habari za fizi, hasa fizi za kina mama wajawazito, kwa sababu ndizo zilizonifundisha kazi baada ya chuo kudhani kimeshamaliza.

Nilifika Lushoto mwezi wa saba, nikitokea kwetu Muheza, nimevaa shati la mikono mifupi. Anayeijua Lushoto ya mwezi wa saba ameshaanza kucheka. Tabibu wa meno wa hospitali alikuwa mmoja tu, Mzee Kaniki, Msambaa mrefu mwenye vidole vyembamba na sauti ya mtu anayesoma neno la Mungu kanisani, kazi ambayo kweli aliifanya kila Jumapili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitazama ninavyotetemeka.

"Mgosi," akasema, kama Wasambaa wanavyomwita mwanaume, "ukishika jino la mtu kwa mkono huo, utang'oa la jirani yake."

Hakunionyesha chumba cha meno siku hiyo. Alinipeleka sokoni, kwenye mitumba, nikanunua sweta la kijani lenye kifungo kimoja. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza la kazi.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido. Kulikuwa na kiti cha chuma cha kupandisha kwa kukanyaga, mashine ya kuchonga meno iliyoendeshwa kwa mguu kama cherehani, kabati la kioo, na sufuria ya presha juu ya jiko la mafuta ya taa, ambayo ndiyo tuliyotumia kuchemshia vifaa. Nyie mliokuta kiti cha umeme msiicheke ile mashine. Umeme ulipokatika, sisi hatukujua.

Mzee Kaniki alinifundisha mambo ambayo hayamo kitabuni. Kioo cha mdomoni, katika baridi ile, hushika ukungu mara kinapoingia kwenye pumzi ya mtu. Unakitia kwanza kwenye maji ya vuguvugu, unakipangusa, ndipo unatazama. Mikono unainawa mbele ya mgonjwa, hata kama ulishanawa, ili aone. Mtu aliyeteremka kutoka milimani alfajiri humuulizi jino kabla hujamuuliza shamba. Unamwamkia kwa Kisambaa, "Onga makeo," akikujibu unajua kwamba mdomo umeshafunguka kidogo, na kazi yako imebaki nusu.

Na alikuwa na sheria moja ambayo aliisema kwa sauti tofauti: mama mjamzito haguswi mdomoni. Anapewa ushauri wa kusukutua kwa maji ya chumvi, anaambiwa arudi akishajifungua. Nilimuuliza sababu mara moja tu. Aliniambia kwamba alipokuwa kijana alimng'oa jino mama mwenye mimba changa, na wiki iliyofuata mimba ikatoka. Ndugu zake walikuja hospitali na mapanga. Huenda jino halikuhusika kabisa, alisema, lakini panga halisikilizi huenda.

Nikaishika sheria ile. Ilikuwa rahisi kuishika, na sitawaficha kwamba ilipunguza foleni.

Katika mwaka wangu wa tatu akaja mama mmoja nitakayemwita Tabea. Kwao ni huko juu, kwa wakulima wa kabichi na viazi njia ya kuelekea Shume. Ilikuwa siku ya soko, korido imejaa watu wenye mashavu yaliyofungwa vitambaa. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya tatu kwake, na alizungumza ameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Nilidhani ni haya. Alipoiondoa khanga nikajua alikuwa anaficha harufu.

"Zinatoka damu," akasema. "Hata nikila ugali. Mama mkwe anasema ni kawaida, kila mimba ina jino lake."

Nilimtazama. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba kama zinataka kuyameza meno, na chini kulia, kwenye gego, nilipobonyeza kwa kidole ulitoka usaha. Kidogo tu, tone moja, kama maziwa. Niliuona vizuri, kwa sababu kioo nilikuwa nimekipasha.

Nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na arudi akishajifungua.

"Nirudi lini?" akauliza, kana kwamba hakusikia.

"Ukishajifungua, mama."

Akasema asante. Akaiweka khanga yake mdomoni, akatoka, na mimi nikamwita wa pili.

Hata miezi miwili haikutimia. Aliletwa mchana wa Alhamisi, juu ya lori la magogo, amelazwa kwenye godoro katikati yake, mumewe Yohana amekishika kichwa chake ili kisigonge. Uvimbe ulikuwa umetoka kwenye lile gego ukashuka chini ya taya hadi shingoni. Mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole, mate yalikuwa yanamtoka, na mwili ulikuwa unawaka moto. Uchungu ulikuwa umeshaanza njiani. Mimi na Mzee Kaniki tuliitwa wodi ya wazazi kufungua usaha ule na kulitoa jino, wauguzi wakimtundikia dripu upande wa pili. Mtoto alizaliwa wakati sisi tunanawa mikono. Alikuwa wa kiume. Aliishi hadi kesho yake saa nne asubuhi.

Muuguzi mkunga wa wodi ile alikuwa Sista Damari. Tulimwita Sista kama tunavyowaita wauguzi wote wakubwa, lakini yeye ungedhani jina hilo lilitungwa kwa ajili yake. Alikuwa mama mfupi, mnene, Mlutheri wa kule Mlalo, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Baada ya mtoto kufariki, alinikuta nimesimama kwenye veranda.

"Huyu mama uliwahi kumwona?" akaniuliza.

"Nilimwona, Sista. Mwezi wa tano."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia arudi akishajifungua."

Alishika kitasa cha mlango wa wodi. Kisha akasema, "Haya. Amejifungua." Akaingia ndani.

Nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii, hata na mmoja niliyemwachia nusu ya jino lake ndani ya taya. Hakuna tusi lililonikaa kama maneno yale mawili, ambayo hayakuwa tusi.

Hapa niseme jambo mnalopaswa kulisikia kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Sijui kama fizi za Tabea ndizo zilizomtoa mtoto yule kabla ya wakati. Wapo wanaosema ugonjwa wa fizi una mkono katika watoto wanaozaliwa njiti, na wapo wanaosema ushahidi bado haujatosha. Homa ile peke yake ilitosha kuanzisha uchungu. Msije mkamwambia mama yeyote kwamba mdomo wake ulimuua mwanawe. Hamlijui hilo, na hata mngelijua si la kumwambia. Ninachojua mimi ni kwamba kulikuwa na usaha, niliuona, nikauacha.

Ikapita wiki nzima. Ndipo Sista Damari akaja chumba cha meno, akakikalia kiti cha mgonjwa kama stuli.

"Jumanne ni kliniki ya wajawazito," akasema. "Tunawapima uzito, presha, damu, mkojo, tunawapima tumbo. Mdomoni hatuangalii, maana hatujui tunaangalia nini. Wewe unajua. Njoo na kioo chako."

"Mzee Kaniki hataki waguswe."

"Sijasema uwaguse. Nimesema uangalie. Anayeonekana ana ugonjwa tutajadili. Au unaogopa hata kutazama?"

Mganga mfawidhi wa wakati ule alitusikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama kule kliniki nitakwenda kung'oa meno au kuwatazama wake za watu. Glavu zilikuwa haba. Alitukubalia Jumanne nne za majaribio, nadhani akiamini kwamba tutachoka wenyewe.

Jumanne ya kwanza niliweka benchi chini ya dirisha la mashariki, baada ya mzani. Ukungu uliondoka saa tatu na nusu, mwanga ukawa mzuri, vioo sita vimelala kwenye maji ya vuguvugu. Kina mama wakapima uzito, wakapima presha, wakafika kwenye benchi langu, wakapita. Wengine walijifunika midomo kwa khanga wakicheka. Mwanaume kuangalia tumbo, sawa, hilo ni la udaktari, lakini mdomo! Mama mkwe mmoja aliyemsindikiza mkwewe alinisimamia mbele.

"Mgosi, wewe una watoto wangapi?"

"Bado, mama."

"Na mkeo?"

"Naye bado. Yaani, mke mwenyewe bado."

Kliniki nzima ikacheka hadi mama mmoja akashika tumbo. Nikaanza kukusanya vioo vyangu. Ndipo Sista Damari akatoka kwenye chumba chake cha kupimia, akaketi kwenye benchi langu mbele ya wote, akainua uso.

"Anza na mimi," akasema.

Nikawasha tochi, nikatazama. Alikuwa na ugaga mgumu, ule utando ulioganda, nyuma ya meno ya mbele ya chini, na nilipopitisha kipimo, kile kijiti chembamba cha chuma, kwenye ukingo wa fizi, taratibu kabisa, damu ikachuruzika.  Nikamnong'oneza, "Sista, zinatoka damu."

"Sema kwa sauti."

"Zinatoka damu."

"Basi andika. Jina langu unalijua." Akatema kwenye bakuli, akawageukia kina mama, akawaambia kwa Kisambaa kitu nilichokielewa nusu tu, kwa kuwa Kibondei chetu cha Muheza na Kisambaa ni majirani wasiofanana kila mahali. Baadaye nikaambiwa alisema: mimi nimewazalisha ninyi na wadogo zenu, na mdomo wangu unanuka, nani mwingine anataka kujua wa kwake?

Jina la kwanza katika daftari langu la uchunguzi wa fizi ni la Sista Damari, ambaye hakuwa mjamzito. Wakaguzi wamelihoji mara kadhaa.

Miezi iliyofuata nilijifunza kuuliza. Mwanzoni nilikuwa nauliza, "Ukipiga mswaki damu inatoka?" Wengi walisema haitoki. Nikafurahi, nikaandika hapana, hapana, hapana. Sista akaniambia niulize tena vizuri. Nikauliza, "Unapiga mswaki?" Kumbe waliacha siku damu ilipoanza. Damu ikitoka mahali, mtu mwenye akili huacha kupagusa. Wao walifanya lililo la akili, na utando ukazidi kujijenga, na fizi zikazidi kuvimba. Tangu siku hiyo swali langu likawa, "Uliacha kupiga mswaki mwezi gani?" Ulizeni hivyo. Halimwaibishi mtu, na jibu lake ni la kweli.

Nilijifunza pia kwamba si kila damu ni ugonjwa mkubwa. Mimba yenyewe huzilegeza fizi. Wengi walihitaji mswaki laini, au mswaki wa mti uliotafunwa vizuri, na mtu wa kuwaambia wasiogope. Wengine walihitaji kukwanguliwa ugaga. Wachache walikuwa kama Tabea. Kazi ya uchunguzi ni kuwajua hao wachache mapema, wakiwa bado wanatembea kwa miguu yao.

Tabea mwenyewe sikumwona. Niliulizia kwa watu wa huko juu, wakasema yupo, analima. Mwaka wa pili tangu msiba wake tulianza kwenda na huduma ya mkoba kwenye zahanati za mbali, mimi na Sista, na sanduku la vifaa na ile sufuria ya presha nimeipakata mapajani kama mtoto. Katika zahanati moja kandokando ya msitu, nikamwona kwenye foleni. Alikuwa na mimba tena, ya miezi minne hivi. Yohana alikuwa amesimama nyuma yake ameshika mwavuli, ingawa mvua haikuwepo.

Alipima uzito. Alipima presha. Alipofika kwangu, akapita kama anayekwepa shimo.

Nikanyanyuka. "Mama Tabea," nikaita.

Yohana ndiye aliyegeuka. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Tabibu," akasema, "wewe ulishamwona mara moja. Inatosha."

Foleni nzima ikageuka kututazama. Nilimtazama Sista Damari anisaidie, naye akawa anaandika kwenye kadi, kichwa chini, na nikaona kwamba kalamu haiendi. Aliniachia mwenyewe.

Nikasema, "Ni kweli nilimwona. Nilibonyeza fizi ukatoka usaha. Niliuona, nikamwambia arudi. Sikupaswa kumwambia hivyo."

Tabea akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza nimuone akisimama mbele yangu bila khanga mdomoni. Pale palipokuwa na gego shavu lilikuwa limeingia ndani kidogo.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua kwamba si vizuri. Sikujua ni vibaya kiasi gani."

"Na kwa nini hukunitibu?"

Nilikuwa na majibu mengi. Sheria, na yale mapanga ya zamani. Nikasema, "Nilifundishwa kwamba mjamzito haguswi. Na ilikuwa siku ya soko, watu walikuwa wengi, nilikuwa nimechoka. Yote mawili. Nisamehe, mama."

Hakusema amenisamehe, na sijawahi kumuuliza tangu siku ile. Alizungumza na mumewe kwa Kisambaa, polepole, Yohana akitikisa kichwa, halafu akaacha kutikisa. Kisha Tabea akaja akaketi kwenye benchi.

"Angalia," akasema. "Lakini ukiona kitu, usiniambie nirudi."

Niliona kitu. Fizi zilikuwa zimeachana na meno, kipimo kilizama kuliko nilivyotaka, na safari hii upande wa kushoto gego la mwisho lilikuwa linacheza kama mlango uliolegea bawaba. Usaha haukuwepo bado. Nilianza kumsafisha palepale kwa vifaa vya mkono, nusu ya mdomo, saa nzima, Yohana akinimulikia tochi kwa mkono uliokuwa imara kuliko wangu. Nusu ya pili aliifuata Lushoto wiki mbili baadaye. Lakini lile gego lilikuwa limekwisha. Ilibidi litoke, na litoke sasa, miezi ya katikati, wakati mama bado anaweza kulala kitini bila shida. Kungoja ajifungue kulikuwa ni kurudia kosa lile lile.

Nilikwenda kwa Mzee Kaniki. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilimkuta anapanga makoleo yake kwa ukubwa, kama alivyofanya kila jioni.

"Shikamoo, mzee. Kesho namng'oa Tabea."

"Ana mimba."

"Ndiyo, mzee."

Akaendelea kupanga. "Mgosi, mimba ikitoka watakuja kwako. Hawatakwenda kwa Damari, hawatakuja kwangu. Kwako."

"Najua. Jino likibaki, nakwenda mimi mwenyewe kwao. Sitaweza kumwambia tena arudi, mzee."

Alilishika koleo moja muda mrefu. Akauliza, "Mimi nilikufundisha vibaya?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii. Nikamjibu, "Ulinifundisha ulivyofundishwa, mzee. Na mapanga yalikufundisha yaliyobaki."

Akalirudisha koleo mahali pake. Nikadhani nimemkosea, nikatoka.

Asubuhi Tabea alipokuja na Yohana, nilimkuta Mzee Kaniki yumo chumbani, maji yameshapashwa, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Alimwamkia Tabea, akamuuliza viazi vimeshikaje mwaka huu. Kisha akaikunja khanga ya Tabea mwenyewe mara nne, akaiweka chini ya nyonga ya kulia, ili alalie kidogo upande wa kushoto na tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Sikuwahi kumfundisha hilo. Nadhani alikwenda kumuuliza Sista Damari jana yake, na kwa mtu wa umri wake na msimamo wake, kule kwenda kuuliza kulikuwa safari ndefu.

Nilichoma ganzi. Tulingoja. Tabea alifumba macho, midomo ikicheza, nadhani alikuwa anasali. Mzee Kaniki ndiye aliyeishika taa. Jino lilitoka kwa dakika mbili, bila kelele, na mizizi yake yote. Tukambana pamba, tukaketi naye saa nzima, Sista Damari akaja na kifaa chake cha kusikilizia, akakiweka tumboni, akasikiliza. 

"Anapiga teke," akasema Sista. "Amekasirika. Ni mzima."

Mzee Kaniki alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama kwenye majani, anapangusa miwani ambayo haikuwa na kitu.

Tabea alijifungua wakati wake, mtoto wa kike, mzito. Hawakumpa jina langu, na ni vizuri, kwa kuwa naitwa Hilari. Walimwita Ombeni. Na ninarudia, msinijengee sifa juu ya mtoto yule. Wapo wenye fizi mbaya wakazaa salama, na wapo tuliowasafisha vizuri wakapoteza. Kitu kimoja tu nakidai: mama yule alikaa miezi yake iliyobaki bila maumivu, akala, akalala, na hakuna aliyemlaza tena kati ya magogo.

Aliyefanya Jumanne zile zidumu ni yeye kuliko mimi. Jumanne moja, Ombeni akiwa mgongoni, alikuja kliniki ya Lushoto bila shida yoyote, akakaa kwenye benchi na wajawazito. Nilipoanza kuita majina, akasimama. Aliwaeleza habari yake yote, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie kila neno: usaha, lori, mtoto wa kiume aliyeishi siku moja, na jina walilompa, ambalo sikuwa nalijua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Aliitwa Elisante. Aliwaambia pia nilichomwambia mimi, bila kukipunguza na bila kukiongeza. Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya vuguvugu na sikuitoa.

Akamaliza kwa kusema, "Sasa fungueni midomo. Na asipowatibu, mniite."

Walicheka, mimi nikiwemo. Kisha wakajipanga.

Zile Jumanne nne za majaribio hazikuwahi kufungwa rasmi na mtu yeyote. Waganga wafawidhi walibadilika, kila mmoja akadhani aliyemtangulia ndiye aliyeziruhusu. Mzee Kaniki alistaafu, na mpaka alipofariki alikuwa akinitumia wajawazito wa usharika wake, kila mmoja na kikaratasi: "Mgosi, mtazame huyu." Sista Damari naye alistaafu akiwa na fizi nzuri kuliko zangu, na alinikumbusha hilo kila tulipokutana.

Yapo mambo niliyoshindwa. Sikupata kiti cha kudumu pale kliniki. Benchi ni lile lile. Sikuweza kuwashawishi wanaume wote kwamba mswaki wa mke ni wa mke. Walikuwepo wengine niliowatuma hospitali kubwa wakaogopa safari, nikasikia habari zao baadaye kwa watu. Majina yao ninayo, na sitayaandika hapa.

Jumanne yangu ya mwisho haikuwa na sherehe. Mlikuwa mmepanga keki ya saa nane, nami nilijua, maana mtu mmoja aliniuliza ninapenda rangi gani. Mgonjwa wa mwisho asubuhi ile alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mimba ya kwanza, ametoka mbali, viatu vimejaa tope jekundu. Akaniamkia, akaketi, akafungua mdomo kabla sijamwambia.

Fizi zilikuwa ngumu, za rangi nzuri, zimeyashika meno sawasawa. Nilipitisha kipimo pande zote. Hakuna damu.

"Uko salama, mama," nikamwambia. "Endelea hivyo hivyo. Unaweza kwenda."

Hakunyanyuka. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Dokta, mimi nimetembea tangu saa kumi na moja. Mama amenisisitiza fizi, fizi, wasikuache bila kukuangalia fizi. Halafu hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

Akanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni. "Hebu angalia tena," akasema.

Nyuma yake hapakuwa na foleni. Ukungu ulikuwa umeshaondoka, na mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Nikachukua kioo kingine, nikakipasha, nikakipangusa, nikaangalia tena, jino moja moja.